Foleni Isiyolalamika: Kufuatilia Barua Zilizozuiliwa Kwenye Seva ya Postfix

Sisi tunaosimamia seva za barua pepe tumezoea kuitazama foleni ya deferred, ya barua zilizokwama kwa kuwa seva ya upande wa pili haipokei. Foleni hiyo inajisemea yenyewe: Postfix hurudia kujaribu, kila jaribio huandikwa kwenye logi, na kwa mpangilio wa kawaida siku 5 zikiisha barua humrudia aliyeituma. Mada yangu inahusu foleni ya hold, ya barua zilizozuiliwa kwa mkono au kwa kanuni, ambayo haisemi lolote.

Barua ikiingia hold, Postfix haiigusi tena. Haijaribu kuipeleka wala haimwarifu mtu, hata wiki ikipita. Mtumaji alishapewa jibu la 250, kwamba imepokelewa. Mpokeaji hajui kama kuna kitu njiani. Zabuni inaweza kulala humo hadi tarehe ya mwisho ipite. Dhamana yote ni yetu.

Hatari ni kubwa zaidi pale hold inapokuwa njia ya kila barua. MailScanner hufanya kazi hivyo: kanuni ya header_checks huzuia kila inayoingia, kisha MailScanner huikagua virusi na taka na kuiingiza foleni ya incoming iendelee na safari. Ikizimika usiku, Postfix inaendelea kupokea kama kawaida. Kipimo kinachouliza tu kama mlango namba 25 uko wazi kitajibu kuwa mambo ni shwari, mpaka asubuhi simu zianze kulia.

Kwa hiyo tupime umri wa barua badala ya idadi. Barua 200 za dakika moja katika ofisi yenye shughuli nyingi hazina neno. Barua 3 za tangu jana ni hitilafu. Amri `qshape hold` huzipanga kwa dakika, 5, 10, 20, 40, hadi zaidi ya 1280, kwa kila domeni ya mpokeaji. Macho yaende safu za kulia. Tangu toleo la 3.1, `postqueue -j` hutaja foleni ya kila barua na wakati ilipofika, hivyo skripti fupi inatosha kutoa tahadhari. Tahadhari hiyo iende kwa SMS. Ikipitia seva ileile, nayo itazuiliwa.

MailScanner ikizimika, usikimbilie `postsuper -H ALL`, maana itapitisha kila kitu bila kukaguliwa. Iwashe kwanza, izimalize yenyewe.

Kwa barua uliyoizuia kwa mkono, `postcat -hq` pamoja na namba yake huonyesha vichwa tu. Yaliyomo ni siri ya wenyewe. Ikiwa imekaa siku nyingi, itoe kwa `postsuper -r`. Ukitumia -H na muda wake umekwisha, jaribio likikwama mara moja tu inarudishwa kwa mtumaji.

Postfix haiandiki kwa nini uliizuia. `mailq` huweka alama ya mshangao tu kando ya namba. Napendekeza kila kitengo cha TEHAMA kiwe na daftari la hold: namba ya barua, aliyeizuia, sababu, na saa ambayo lazima uamuzi utolewe.