Shauri la Kiwanja cha Syokimau: Maneno Yaliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya shauri la kununua kiwanja Syokimau na kujenga nyumba za kupangisha. Sisi makarani wa chama tumelichungua jambo hili tangu Februari, na twaomba mtuvumilie.

Kwamba mahali pale panainuka, hapana ubishi. Stesheni ya gari la moshi ilifunguliwa mwaka 2012, stesheni kuu ya reli mpya ikafuata mwaka 2017, na mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya kulipia itokayo Mlolongo hadi Westlands. Mahali ambapo mfanyakazi aweza kufika kazini mapema, mpangaji hakosekani. Walionunua zamani walichekwa kwamba wamenunua nyasi na fisi, leo hawachekwi.

Lakini Syokimau hiyo hiyo iliona matingatinga mwezi wa Novemba 2011. Nyumba za watu zilibomolewa, na baadhi yake zilikuwa za ghorofa, kwa kuwa ardhi ilidaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Wenyewe walikuwa na karatasi mikononi. Hawakuwa wajinga, walikuwa watu wa kazi kama sisi.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Mwezi wa Juni tulionyeshwa kiwanja cha shilingi milioni 3, na dalali akatuhimiza tutoe arubuni siku ile ile, akidai kwamba wanunuzi wengine wako njiani. Kalamu ilikuwa imekwisha kushikwa. Ndipo mama mmoja mjane, mwanachama wetu, alipouliza, "Je, fedha hizo si zile za mazishi?" Tukanyamaza, kwa maana ndizo zilizokuwa. Kesho yake tukaomba kutazamiwa daftari la ardhi la Serikali, tukakuta kiwanja kimewekwa rehani. Dalali hakuwa amelitaja neno hilo hata kidogo. Kazi hiyo ilitupasa kuifanya kwanza, kabla ya kupanda gari kwenda kutazama nyasi.

Tena bei ya kiwanja siyo gharama yote. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mjini ni 4 kwa mia, maana yake shilingi 120,000 juu ya hizo milioni 3, kabla ya ujira wa wakili na wa mpima ardhi. Tangu Januari 2024 Serikali hutoza 7.5 kwa mia ya kodi tunayopokea, na haiulizi kama mwezi ule tumetengeneza paa au mabomba. Maji nayo, wengi kule huyapata kwa visima virefu au huletewa na magari. Mpangaji asiyepata maji huhama.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba kibali chenu kwa haya. Mfuko wa mazishi usiguswe hata senti moja. Kiwanja kinunuliwe kwa hisa mpya za hiari, na arubuni isitolewe mpaka daftari limetazamwa, mpima ameonyesha mipaka, na mke au mume wa muuzaji ametia sahihi ya kukubali.

Karatasi za hisa ziko mezani kwa Mweka Hazina. Asiyetaka halazimishwi, wala haki yake katika mfuko wa mazishi haitapungua.