Breki na Rejeta za Gari Letu: Hotuba ya Katibu kwa Wanachama

Ushirika oyee!



Leo sisemi siasa. Nasema habari ya Landrova letu. Ni kuukuu, lakini ndilo linalofikisha kahawa yetu Mbinga.

Msimu uliopita mafuta ya breki yalikwisha siku ya safari. Dereva akasema tusiende. Mimi nilikuwa na haraka ya mkutano mjini, nikasema, "Tieni maji ya sabuni, mafuta tutanunua huko huko." Neno hilo nililisema mimi, si mwingine. Kwenye mteremko pedeli ikazama mpaka chini. Dereva akarudisha gia, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa barabara. Utingo wetu aliruka na jiwe ili azuie gurudumu, akavunjika mguu. Mpaka leo anachechemea. Nilimwomba radhi kwake nyumbani, na leo namwomba tena mbele yenu.

Sasa tujue kwa nini. Mafuta ya breki hayabonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika gurudumuni. Maji yakipata moto wa breki huchemka yakawa mvuke, na mvuke hubonyea kama mpira uliopungua upepo. Ukikanyaga, hupati kitu. Oili ya injini nayo haifai hata kidogo: inavimbisha mipira ya ndani ya silinda. Hata mafuta yenyewe ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya kawaida yakiwa mapya huchemka kwenye digrii 205 hivi. Yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140. Basi chupa iliyokaa wazi stoo tangu mwaka jana, isitumike.

Kazi tunazoziweza wenyewe ni hizi.

Kwanza, kila asubuhi kopo la mafuta ya breki lifunuliwe. Yakipungua, msijaze tu mkaondoka. Chungulieni nyuma ya kila gurudumu na kwenye mipira, mjue yanavujia wapi.

Pili, kutoa upepo. Ni kazi ya watu wawili. Wa juu anakanyaga pedeli na kushikilia. Wa chini anafungua skrubu kwa spana, hewa na mafuta vinatokea kwenye mpira mwembamba uliozama katika chupa yenye mafuta ya breki, halafu anafunga. Akishafunga, ndipo wa juu aachie. Ukiachia mapema, hewa inarudi na mmefanya kazi bure. Kwa kawaida huanzwa gurudumu la mbali na silinda kuu, na kopo lisikauke hata mara moja. Mkimaliza, jaribuni gari tupu, mahali pa tambarare. Bomba likikatika au silinda kuu ikiharibika, hiyo siyo kazi yetu. Aitwe fundi.

Tatu, rejeta. Sisi tunakaa milimani, na kila ukipanda mita 300 maji huchemka mapema kwa karibu digrii moja. Gari likichemka, simameni, zimeni injini, msiguse kifuniko. Kinafunga mvuke wenye nguvu, na ukikifungua kingali cha moto utaungua uso. Subirini hata nusu saa, kifunguliwe polepole kwa gunia bichi. Msimwage maji baridi ya mtoni kwa pupa kwenye injini ya moto, chuma hupasuka. Kisha kagueni mkanda wa feni, mipira, na matope yaliyoziba mbele ya rejeta. Pakivuja, sabuni ya mche ikipakwa kwa nje inaweza kuwafikisha nyumbani, basi. Bizari na mayai msitie ndani, huziba njia za maji. Na themostati isitolewe na kutupwa: kwa baridi yetu ya Juni na Julai, injini haitapata joto lake na itakunywa mafuta ovyo.

Nne, mteremko. Gia unayopandia mlima ndiyo ya kushukia. Ukishuka kwa breki tupu, zinapata moto na kuishiwa nguvu.

Ndugu wanachama, naomba mkutano huu upitishe mambo matatu. Mafuta mapya ya breki na mkanda wa feni wa akiba vinunuliwe kabla ya kahawa kuiva. Mtu asipande juu ya magunia, awe mzee, awe kiongozi. Na la mwisho: dereva akisema gari haliendi, haliendi. Asilazimishwe na Mwenyekiti, wala na Katibu.

Mimi nilijifunza kuandika ukubwani, katika darasa la watu wazima. Maneno haya nimeyaandika kwa mkono wangu, na yatabandikwa hapa ukutani. Dereva akiona aibu kunikatalia, anilete hapa niyasome mwenyewe kwa sauti.

Asiyejua kusoma, asomewe na jirani.

Ushirika oyee!

Katibu wa Chama, Namswea