MTOTO ALIYECHELEWA KATIKA MAKUZI ASIFICHWE
(Mazungumzo ya Afisa Habari mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi)



Nazungumzia mtoto mdogo ambaye wenzake wamekwisha kutembea naye angali anatambaa, au wenzake wanasema naye bado anaashiria kwa kidole. Watoto walio wengi hutembea wenyewe kabla ya kutimiza miezi 18. Asiyefikia hapo apelekwe kituo cha afya. Hilo halina mjadala.

Linalonisumbua ni linalofuata. Niliwahi kufika Kighare, Usangi, katika Milima ya Upare, kwa shughuli ya kifamilia. Njia za huko ni za kupanda na kushuka. Mtoto asiyetembea hubebwa mgongoni. Akishakuwa mzito, huachwa nyumbani. Hakuna aliyemchukia. Lakini aliyeachwa nyumbani hasikii maneno mapya, hajifunzi kungoja zamu mchezoni, wala hana mwenzake wa kumwiga. Kuchelewa kukazaa kuchelewa.

Wapare wana desturi ya msaragambo, yaani watu kukusanyika kufanya kazi ya wote, kama kutengeneza njia au mfereji. Siku moja ya kazi hiyo nilimwona mtoto wa kiasi cha miaka mitano, asiyesema, akipokea vikombe kwa wakubwa na kumpelekea bibi yake, kimoja kimoja. Viwili vilivunjika. Bibi akamwonyesha cha tatu. Watoto wenziwe walimngoja amalize, ndipo wakaondoka naye kwenda kucheza.

Sisi wa visiwani hatuna milima ya namna ile, ila tuna milango. Mgeni akibisha hodi, mtoto huingizwa chumbani. Chuoni haonekani, na Sikukuu hapelekwi kiwanjani. Wazazi huona haya, na haya hiyo, tuseme kweli, imetokana na macho yetu sisi majirani.

Si kila aliyechelewa ana ulemavu. Kwa aliye nao, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka katika kifungu cha 30 ashiriki michezo sawa na watoto wengine.

Waheshimiwa Masheha, wajueni watoto hawa nyumba kwa nyumba. Walimu wa vyuo vya Kurani na wa skuli za maandalizi, mkalisheni mbele, mpeni kazi ya kugawa juzuu au chaki, hata akikosea. Nasi wengine, Idd ijayo akiletwa kiwanjani, tusimkodolee macho. Tumpishe apande bembea.