MAJI MEUPE SIYO LAZIMA YAWE MAJI SAFI
Mazungumzo juu ya maradhi yaletwayo na maji



Mtu akiwekewa bilauri mbili mbele yake, moja ikiwa na maji ya matope na ya pili ikiwa na maji yang'aayo kama kioo, hapana shaka atachagua ile ya pili. Naye atakuwa amechagua kwa macho. Lakini macho ya binadamu hayana nguvu ya kuviona vitu viuavyo ndani ya maji. Vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya tumbo la kuhara damu ni vidogo mno, hata maelfu yao huweza kukaa katika tone moja, na maji yale yasibadilike rangi, wala harufu, wala ladha. Ndiyo sababu watu wengi wamekufa kwa maji waliyoyasifu.

Iko habari moja ya zamani ionyeshayo jambo hili waziwazi. Mwaka 1854, katika mji wa London, palikuwa na kisima chenye pampu ya mkono katika mtaa uitwao Broad Street. Maji ya kisima hicho yalikuwa na sifa njema: yalikuwa meupe na matamu, na watu waliyapenda kuliko maji ya visima vingine. Usiku wa tarehe 31 Agosti kipindupindu kilizuka mtaani. Katika siku tatu za kwanza walikufa watu 127, na balaa lilipokwisha waliokufa walikuwa zaidi ya 600. Wengi waliosalia walifunga nyumba zao wakahama.

Wakati ule waganga wengi waliamini ya kuwa ugonjwa huo huletwa na hewa yenye uvundo. Daktari mmoja, jina lake John Snow, hakuridhika na maneno hayo. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza: marehemu alikunywa maji ya wapi? Karibu kila mara jibu lilikuwa lile lile, kisima cha Broad Street. Katika kiwanda cha bia kilichokuwa karibu na hapo, wafanya kazi zaidi ya 70 hawakufa hata mmoja. Wao walipewa bia ya kunywa, tena kiwanda kilikuwa na kisima chake. Lakini huko Hampstead, mbali na mtaa ule, mahali pasipokuwa na ugonjwa, alikufa mjane mmoja. Zamani alikaa karibu na Broad Street, naye aliyapenda maji ya kisima kile hata akawa akiletewa kwa gari. Binti wa ndugu yake alikuja kumtazama, akayanywa, akarudi kwake Islington, naye akafa. Hewa ya Broad Street haikumfuata mjane huyo. Maji ndiyo yaliyomfuata.

Tarehe 7 Septemba Daktari Snow aliwaeleza wakubwa wa mtaa mambo aliyoyaona, na kesho yake mpini wa pampu ukaondolewa. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamehama. Lakini muda wote mpini ulipokuwa umeondolewa, kisima hicho hakikuweza kumdhuru mtu.

Padre wa mtaa huo, Henry Whitehead, hakumwamini daktari hapo mwanzo. Alianza kuchunguza mwenyewe kwa nia ya kumpinga, na uchunguzi wake ukamgeuza. Ndiye aliyevumbua chanzo cha balaa. Katika nyumba Na. 40, karibu kabisa na pampu, mtoto mchanga wa kike mwenye umri wa miezi mitano alishikwa na kuhara. Mama yake aliloweka nepi zake, na maji yake akayamwaga katika shimo la maji machafu lililokuwa mbele ya nyumba. Kuta za shimo hilo zilikuwa zimebomoka, na kutoka hapo hata kisimani haikutimia mita moja.

Yafaa kila mtu afikiri sana juu ya mama huyo. Hakutenda uovu. Alifanya kazi ifanywayo na kila mama, yaani kufua nguo za mwanawe aliye mgonjwa. Lakini maji aliyoyamwaga yalipita chini ya ardhi, asipoyaona yeye wala jirani zake, yakarudi mezani kwa watu katika bilauri.

Asidhani mtu ya kuwa habari hizi ni za London peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliwauliza watu wa misafara, akatambua ya kuwa ugonjwa ulikuwa umefuata njia za biashara kutoka nchi ya Wamasai hata Pangani, kisha ukavuka bahari. Maelfu ya watu walikufa. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alijenga mfereji wa kuleta maji ya chemchemi mjini. Wimbi jingine la kipindupindu lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika Magharibi mwaka 1970, na Kenya mwaka 1971. Tangu hapo ugonjwa huo umeirudia nchi ya Kenya mara nyingi, vijijini na mijini.

Wala kipindupindu si adui wa peke yake. Kuhara kwa kawaida, ambako wazazi wengi hukuona kuwa jambo dogo, ndiko kuuako watoto wengi zaidi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Ulimwenguni, kila mwaka watoto zaidi ya 400,000 walio chini ya umri wa miaka mitano hufa duniani kwa kuhara. Wahenga walisema kweli: mdharau mwiba mguu huota tende.

Wazee wengine husema: "Babu zetu walikunywa maji ya mto huu, nao waliishi." Ni kweli kwamba walioishi waliishi. Lakini wazee hao hao wakiulizwa mama zao walizaa watoto wangapi, na wangapi walizikwa kabla ya kuota meno, jibu lake ni la kusikitisha. Tena siku zile miji ilikuwa michache, na watu waliokaa kando ya mto hawakuwa wengi kama walivyo leo. Mto uliobeba uchafu wa nyumba kumi sasa wabeba uchafu wa nyumba elfu.

Basi je, kisima kikijengwa vizuri kazi imekwisha? La. Huko Busia, katika magharibi ya Kenya, chemchemi nyingi zilijengewa saruji ili uchafu usiingie. Wataalamu walipoyapima maji waliona ya kuwa uchafu wa choo katika chemchemi ulipungua kwa kadiri ya theluthi mbili. Lakini walipoyapima maji yale yale katika mitungi ya nyumbani, faida ilikuwa imepungua sana, hata ikawa kama robo tu. Maana yake ni kwamba maji huchafuka njiani na nyumbani: kwa debe lisilooshwa, kwa mtungi usiofunikwa, na kwa mkono utumbukizao kikombe.

Kwa hiyo ulinzi wa maji ni kama mnyororo, na kila pete yake yahitaji kuangaliwa.

Pete ya kwanza ni choo. Kila nyumba na iwe na choo cha shimo, kiwe mbali na kisima, yapata mita 30, tena kiwe upande wa chini wa mteremko. Kinyesi cha mtoto mchanga chatakiwa kutupwa chooni vile vile, maana si kweli ya kuwa hakina madhara.

Pete ya pili ni chombo. Maji yatekwe kwa chombo kilichooshwa, yawekwe katika mtungi wenye kifuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, vidole visiguse maji. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kushika chakula.

Pete ya tatu ni moto. Maji ya kunywa yachemshwe hata yatokote kwa nguvu kwa muda wa dakika moja. Katika nchi za milimani, zilizo juu zaidi ya mita 2,000, yaachwe yatokote dakika tatu, kwa kuwa huko maji huanza kutokota kabla ya kupata joto la kutosha. Palipo shida ya kuni, dawa ya klorini yafaa, ikitiwa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa yake.

Na ikiwa mtoto ameshikwa na kuhara, asinyimwe maji, maana ukavu wa mwili ndio umwuao. Mama na aendelee kumnyonyesha, ampe na dawa ya chumvichumvi ya zahanati. Asipoipata, achukue lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, atie sukari vijiko vidogo sita vya kusawazisha na chumvi nusu ya kijiko kidogo, asizidishe, kisha amnyweshe kidogo kidogo. Mgonjwa aharaye maji meupe kama maji ya mchele apelekwe zahanati saa ile ile, asingojewe hata kesho.

Mambo hayo si ya nyumba moja moja tu. Mtu aweza kujenga choo kizuri na kuchemsha maji yake, lakini jirani wa juu yake asipojenga, mvua ikinyesha wote wawili watakunywa kitu kimoja. Shamba lina mpaka, na boma lina ua, bali maji hayajui mpaka wala ua. Ndiyo sababu watu wa kijiji hawana budi kukaa pamoja na kupatana: nani atafagia kando ya kisima, nani atatengeneza uzio ili ng'ombe wasiingie, na nani atasaidiwa kuchimba choo kwa kuwa ni mzee au mjane.

Mama wa Broad Street hakuwa na mtu wa kumwambia maji ya nepi yaenda wapi. Watu wa leo wamekwisha kuambiwa. Atakayemwaga uchafu karibu na kisima hataweza kusema hakujua.