Motokari ya Chama: Tupime Kwanza, Tununue Kisha

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, Kakontwe, Likasi)

 

Prezida aliniomba nizungumze juu ya ile Toyota yetu, kwa sababu sasa kila mkutano unaishia kwenye mabishano yake. Wengine wanasema iuzwe. Wengine wanasema shofere anakula makuta. Wengine wanasema makanisiye njo mwizi. Mimi sikuja kuhukumu mtu. Kazi ya shirika inaniweka barabarani karibu kila juma, na motokari tunazotumia kule si za mpya. Nataka kuwaonyesha namna ya kutafuta ugonjwa wa motokari ya zamani mbele ya kutoa hata franga moja.

Tukumbuke motokari hii inafanya nini. Inapeleka unga na makala ya ba mama sokoni. Inapeleka wagonjwa mjini usiku, saa ambayo taksi haionekani. Makuta yanayoitengeneza yanatoka mu sanduku moja na makuta ya matanga na ya masomo ya watoto. Kwa hiyo pyesi moja iliyonunuliwa bure ni mtoto aliyerudishwa kutoka masomo. Njo maana jambo hili si la ba shofere peke yao.

Ugumu wa motokari ya zamani ni huu: magonjwa mengi yanaonyesha alama moja. Ni sawa na homa. Mtoto ana joto. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa tifoidi. Muuguzi mzuri anachoma kidole, anapima damu, kisha anatoa dawa. Lakini kwa motokari sisi tunafanya kinyume: haiwaki, tunanunua batri. Bado haiwaki, tunanunua demareri. Bado, tunanunua alternateri. Mwisho mtu anakaza msumari mmoja wa waya na inawaka. Pyesi tatu za bure.

Neno moja kwanza juu ya majina. Wengi wenu mlirudi kutoka Zambia, kutoka kambi za Kala na Mwange, wakati HCR ilipoanza kurudisha watu mu 2007. Wengine mlijifunza kazi ya garaji kule, kwa majina ya Kiingereza. Hapa Likasi maduka yanatumia majina ya Kifaransa. Plagi na bujii ni kitu kimoja. Fuzi na fizibu ni kitu kimoja. Breki na freni ni kitu kimoja. Ukituma mtoto dukani, mpe pyesi ya zamani mkononi, aionyeshe. Hiyo peke yake itatuokolea safari nyingi na makosa mengi.

HAIWAKI KABISA

Usikimbilie duka. Washa taa za mbele, kisha geuza ufunguo, mtu mmoja akitazama taa.

Taa zikizimika au zikififia sana, umeme haufiki vizuri. Shida ni batri, au ni vichwa vya batri na waya zake. Ukisikia tak-tak-tak-tak ya haraka, ni shida hiyohiyo.

Taa zikibaki na nguvu na usisikie kitu, batri haina kosa. Kwa kuwa yetu ni otomatiki, weka kigingi kwenye N badala ya P, jaribu tena. Ikiwaka, kuna swichi ndogo ya gia inayosumbua. Isipowaka, angalia fizibu na waya mwembamba unaoenda ku demareri.

Taa zikibaki vizuri na usikie tak moja nzito, sasa njo unaweza kuanza kuishuku demareri yenyewe. Lakini kwanza angalia waya zake kama zimekazwa.

Chama kinunue multimetri moja, kile kifaa kidogo cha kupima umeme. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na batri. Motokari ikilala usiku mzima, batri iliyojaa inaonyesha karibu volti 12,6. Ikionyesha 12,0 imebaki na kidogo sana. Moteri ikizunguka, inapaswa kuonyesha kati ya 13,8 na 14,4. Ikibaki kwenye 12 wakati moteri inazunguka, alternateri haitoi chakula, au mkanda wake umelegea. Ikipita 15, alternateri inatoa kupita kiasi na itapika batri mpaka ife.

Sasa ugonjwa unaodanganya watu wengi: waya wa masi, ule mweusi unaotoka batri kwenda ku chuma cha moteri na cha bodi. Mvua, vumbi na kutu vinaula polepole. Kwa macho unaonekana mzima. Kuupima ni rahisi. Mguu mmoja wa multimetri weka ku kichwa cha batri cha kutoa, mguu mwingine ku chuma safi cha moteri, mtu ageuze ufunguo. Ikipita nusu volti, umeme unapotea njiani. Huna multimetri? Chukua waya mnene wa kuwashia, funga upande mmoja ku kichwa cha kutoa cha batri na mwingine ku chuma cha moteri. Ikiwaka kwa nguvu, umekwisha kupata mwizi, na mwizi huyo anatengenezwa kwa brosi ya chuma.

Kusafisha vichwa vya batri: toa kwanza ule wa kutoa, na uurudishe wa mwisho. Sababu ni hii: ufunguo wa chuma ukigusa bodi wakati unafungua ule wa kujumlisha, cheche itaruka. Ule unga mweupe au wa kijani safisha kwa maji ya moto yenye bikaboneti, kausha, kaza, pakaa grisi.

Na batri ya kufunguliwa ikipungukiwa maji, inaongezwa maji safi ya batri, si asidi. Sisi watu wa Likasi tunajua asidi, malori yanaipitisha barabarani kila siku. Katika batri kinachokauka ni maji. Asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi unaharibu mabamba, tena unaweza kupoteza jicho.

BATRI INAISHA USIKU

Kama asubuhi batri imekufa na mchana inachaji vizuri, kuna kitu kinakunywa usiku. Taa ndogo ya ndani ya wati 5 inakula kama ampea 0,4. Batri ya ampea-saa 45 itamalizwa na taa hiyo moja kwa siku nne au tano, na mbele ya hapo itakuwa imekwisha kushindwa kuwasha. Anza na taa ya buti, ya milango, redio iliyofungwa ovyoovyo, chaja ya simu. Ukishindwa kupata, toa fizibu moja kwa moja huku umepima. Ile ambayo ikitoka ulaji unashuka, njia yake njo yenye ugonjwa.

Na fizibu ikiungua, weka nyingine ya namba ileile. Usiweke waya wala karatasi ya fedha ya sigara. Fizibu inaungua ili waya zisiungue. Ukiizuia isife, utakufa moto mu motokari pamoja na abiria.

INAZUNGUKA LAKINI HAISHIKI

Moteri ya esanse inataka vitu vitatu: esanse, cheche, hewa. Fungua ufunguo nusu na usikilize. Katika motokari nyingi za aina hii pompi ya esanse inalia kidogo, kama sekunde mbili, kisha inanyamaza. Kama hailii, angalia fizibu yake na relei yake mbele ya kununua pompi. Kisha toa bujii moja. Imelowana esanse? Esanse inafika; tafuta cheche. Imekauka kabisa? Tafuta esanse.

Tena esanse yenyewe. Ukinunua ya bidoni barabarani, mimina kidogo mu chupa nyeupe, ngoja dakika chache mbali na moto. Esanse ni nyepesi kuliko maji; kama kuna maji, utayaona yamelala chini. Na fitre ya hewa: mu kiangazi vumbi letu jekundu linaiziba haraka. Itoe, ipige polepole, itazame juani. Kama mwanga haupiti, badilisha.

INACHEMKA

Hapa nawaomba ba shofere wasikilize sana, kwa sababu hapa njo moteri nzima inakufa.

Likasi iko juu, karibu mita 1.300. Kwa urefu huu maji ya kawaida yanachemka ku digri 95 au 96, hayafiki 100. Kile kinachozuia maji ya radiatere yasichemke mapema ni kifuniko chake, juu ya kinashika presha. Kifuniko kilichochoka ni kitu kidogo, lakini kinaweza kuchemsha moteri mzima. Basi anza na kifuniko: mpira wake umepasuka? Springi yake imelegea?

Jambo la pili linatuhusu sisi wa Kakontwe zaidi ya wengine. Mawe yetu ni ya chokaa. Wataalamu wa mawe wanaita chokaa ya namna hii kwa jina la mtaa wetu, Kakontwe. Maji yanayopita mu mawe haya yanabeba chokaa. Tazameni ndani ya birika ya chai: ule ukoko mweupe. Ukoko uleule unajijenga mu mirija myembamba ya radiatere kila mara tunapoongeza maji ya kisima. Kwa hiyo tutumie maji ya radiatere yanayouzwa, na kwa haraka maji ya mvua yaliyochujwa ni afadhali kuliko ya kisima.

Tatu, feni inazunguka moteri ikipata joto? Mkanda umekazwa? Ukiusukuma kwa kidole gumba katikati, uingie kama sentimita moja. Mipira ya maji haijavimba?

Mtu akikwambia, "Tutoe termostati, itapoa," mwulize kwanza kama ameipima. Itie mu sufuria ya maji, yapashe moto: nyingi zinafunguka kati ya digri 82 na 88. Isipofunguka, nunua nyingine. Ukiitoa tu, moteri inatembea baridi, inakula esanse zaidi, na ugonjwa wa kweli unabaki umejificha.

Kama mafuta ya moteri yamekuwa meupe kama maziwa, au moshi mweupe unatoka bila kuisha hata moteri imepata joto, au mapovu yanatoka mu radiatere, basi ile joini nyembamba chini ya kichwa cha moteri imeungua. Simama. Usiendelee hata kilomita moja.

Na usifungue kifuniko moteri ikiwa moto. Zima, ngoja nusu saa au zaidi, gusa kwa kitambaa, fungua polepole. Usimwage maji ya baridi kwa haraka. Chuma cha moto kinapasuka. Uso wa mtu hautengenezwi garaji.

FRENI HAINGOJI MKUTANO

Umeme ukikataa, tunalala njiani. Freni ikikataa, tunazika watu. Barabara ya kwenda Lubumbashi ina malori mazito ya migodi, hayasimami kwa haraka. Pedali ikishuka laini kama sponji, ikifika chini, motokari ikivuta upande mmoja, chuma kikilia ku chuma, au mafuta ya freni yakipungua: motokari haitoki. Hata kama kuna mgonjwa. Tutafuta nyingine, tutakopa makuta. Na shofere aliyekataa kutoka kwa sababu hiyo, chama kimuunge mkono, kisimtukane.

NAMNA TUTAKAVYOFANYA

Naleta mapendekezo manne, mkutano uamue.

Moja, kaye moja ikae mu motokari. Shofere aandike tarehe, kilomita, alama aliyoona, kitu kilichopimwa, pyesi iliyobadilishwa. Alama si "imeharibika" tu. Aandike: haikuwaka asubuhi, taa zilififia, ilisema tak-tak.

Mbili, hakuna pyesi itakayonunuliwa mbele ya kipimo kuandikwa mu kaye.

Tatu, pyesi ya zamani irudi ku chama. Makanisiye mzuri hataona haya kuitoa. Hii inamlinda yeye pia, juu ya hakuna atakayesema hakubadilisha kitu.

Ine, kila asubuhi dakika tano: mafuta ya moteri, maji, freni, magurudumu, taa.

Swali la kuuza au kutouza ninalirudisha kwenu. Lakini tusiliamue kwa hasira. Tuandike mu kaye miezi mitatu. Kama tutaona matengenezo yanakula zaidi ya kile motokari inaleta, tuiuze bila kulia. Kama tutaona makuta mengi yalikuwa yanaenda ku pyesi za kukisia, basi motokari haikuwa na kosa.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Shofere asiogope kusema motokari inaumwa. Mwanachama asiogope kuuliza makuta yameenda wapi. Kama kaye iko wazi, maswali yote mawili yatajibiwa bila mtu kuitwa mwizi.

Kisha mkutano tutatoka nje pale kwa motokari. Nimeleta multimetri. Ba mama pia waje, si ba shofere tu: wao njo wanatoa makuta mengi mu sanduku, ni haki yao kujua volti 12,6 ni nini.