Moyo wa Mtoto na Haki ya Kutibiwa



Ndugu wapendwa, viongozi wa jumuiya za Kasulu na Kibondo, haki tunayoizungumzia leo yaanzia kooni mwa mtoto. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hushikwa na mafindofindo, hupata nafuu bila dawa, nasi tukasahau. Baada ya wiki 2 au 3 viungo vyavimba na kuuma: leo goti, kesho kiwiko. Hiyo yaweza kuwa homa ya baridi yabisi. Maumivu hupita, lakini moyo huweza kubaki na jeraha. Kila homa hiyo irudipo huzidi kuharibu vali, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma. Hatimaye mtoto huishiwa pumzi akipanda mlima na ndoo ya maji, nasi twamwita mvivu, au twasema amerogwa.

Vali iliyoharibika sana hurekebishwa au hubadilishwa kwa upasuaji. Zamani wagonjwa wetu walipelekwa India. Mwaka 2008 upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Twashukuru. Hata hivyo, safari ya huko ni zaidi ya kilometa 1,000. Tena aliyewekewa vali ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na sharti apimwe damu mara kwa mara. Msamaria mwema hakuishia kufunga majeraha. Aligharimia pia siku zilizofuata.

Kumbe penisilini ni dawa ya bei ndogo. Ikitolewa mapema, koo likiuma, huzuia homa hiyo. Aliyekwisha kuugua huchomwa sindano kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili moyo usizidi kuharibika. Kwa hiyo kabati la dawa la zahanati ni jambo la haki, wala si la hisani. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote; tuidai ifike hata kwa mkulima wa Buha.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Je, zahanati yetu ina sindano ya penisilini mwaka mzima?
2. Nani katika jumuiya anamkumbusha mtoto mgonjwa siku yake ya sindano?
3. Mgonjwa akirudi kutoka upasuaji, tutamsaidiaje apate dawa na vipimo?