Mzani wa Chai na Umio wa Bomet: Vyuo Vikuu na Jamii Zinazochunguzwa

Mchuma chai wa Kericho huandikwa kila siku ya kazi. Kikapu kikijaa anapanga foleni kwenye mzani, karani anasoma kilo na kuziingiza kwenye namba yake. Daftari hilo liliwekwa kwa ajili ya mshahara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, kutoka kituo chake cha afya ya kimataifa, waliona humo jambo jingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 walifuatilia wachumaji 54 waliofariki au kustaafishwa kwa sababu ya Ukimwi kati ya 1997 na 2002, wakalinganisha kilo zao na za wenzao wenye afya. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kazini, mgonjwa alichuma pungufu ya wenzake kwa kilo 4 hadi karibu 8 kwa siku. Mwaka wa mwisho kipato chake kilikuwa chini kwa asilimia 17.7.

Takwimu hizo zilikuwa na nguvu wakati ule, kwa kuwa zilimwonyesha mwajiri kwa lugha ya kilo na shilingi kwamba kumwacha mfanyakazi bila matibabu kuna gharama. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi (VVU) zilipoanza kutolewa, kundi lilo hilo la watafiti lilirudi kwenye mzani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalizua swali zito: wanaume waliotumia dawa walikaribia sana kasi ya wenzao, ilhali wanawake walibaki nyuma, wakichuma siku chache zaidi kwa mwezi.

Kwa nini? Mzani hauwezi kujibu. Wanaoweza kujibu ni wanawake wenyewe, wanaotoka shambani jioni na kuanza zamu ya pili ya kuni, maji, watoto na wagonjwa wa nyumbani. Makala hii inashikilia kwamba ushirikiano wa chuo kikuu na jamii unapaswa kuanza hapo, katika kuamua nini kiulizwe. Ukianza baada ya maswali kuandikwa Boston au Nairobi, jamii inabaki kutoa damu na saini tu.

Suala la saini ni gumu zaidi katika mashamba makubwa kuliko kwingine. Mwaka 2003 mradi wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na taasisi ya Walter Reed ya jeshi la Marekani uliandikisha zaidi ya watu wazima 2,800, wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho na jamaa zao, ili kupima kama eneo hilo lingefaa kwa majaribio ya chanjo ya VVU. Asilimia 14.3 walikutwa na virusi. Kazi hiyo ilitoa picha ya hali ya mashamba hayo. Lakini katika mashamba hayo nyumba ni ya kampuni, na hospitali pia ni ya kampuni. Mtu anayeombwa idhini katika mazingira hayo ana haki ya kujiuliza msimamizi wake atasema nini akikataa. Februari 2023 zaidi ya wanawake 70 waliiambia BBC kwamba walinyanyaswa kingono na wakubwa wao kwenye mashamba ya chai ya Kenya. Baada ya ushahidi huo, hakuna kamati ya maadili ya utafiti inayopaswa kuridhika na kamati ya kuiwakilisha jamii ambayo wajumbe wake wamependekezwa na menejimenti.

Kumbukumbu za hospitali nazo zinaibua swali la nani anayerudishiwa majibu. Madaftari ya malaria ya hospitali ya mashamba ya kampuni ya chai ya Brooke Bond, Kericho, yanayorudi nyuma hadi miaka ya 1960, yaliwafikisha watafiti wa Oxford kwenye jarida la Nature mwaka 2002. Hoja yao ilikuwa kwamba hali ya hewa ya nyanda za juu haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza kuongezeka kwa malaria. Wengine walitaja usugu wa vimelea kwa klorokwini. Mwaka 2011 Judith Omumbo, Mkenya aliyekuwa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho na kuonyesha kwamba joto limepanda kweli. Mjadala huo wa kimataifa ulitokana kwa sehemu na homa za wachuma chai. Ni wangapi kati yao waliowahi kuusikia?

Bomet, jirani ya Kericho, inatoa mfano bora zaidi. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek waliona kwamba saratani ya umio inawakamata hata vijana wa chini ya miaka 30, wakaandika hilo katika jarida la Lancet mwaka 2002. Swali lilitoka wodini, kwa watu ambao hata uji haukupita tena kooni. Baadaye timu iliyoongozwa na daktari Michael Mwachiro wa Tenwek ilitoka kuwatafuta wakazi wasio na dalili yoyote. Mpira mwembamba wenye kamera uliingizwa kooni na ukuta wa umio ukanyunyiziwa ayodini: sehemu nzima hugeuka kahawia, yenye kasoro hubaki na weupe, na hapo ndipo kipande kidogo hukatwa kwa uchunguzi. Kati ya watu 305, asilimia 14.4 walikuwa na mabadiliko yanayoweza kuwa saratani. Utafiti mwingine, uliofanyika Eldoret kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ulihusisha ugonjwa huu na vinywaji vya moto sana. Habari hiyo inagusa kila jiko la Bomet, na gharama ya kuitumia ni kusubiri kikombe kipoe.

Mambo matatu yanaweza kuanza mara moja. Nakala ya takwimu zinazokusanywa Kericho na Bomet, bila majina, itunzwe Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013. Bajeti ya kila utafiti itenge fedha za kurudisha majibu kwa Kikipsigis, lugha ya wenyeji, redioni na kwenye vituo vya kununulia chai vya wakulima wadogo, ambao tafiti za mashamba makubwa zimewapita. Wajumbe wa kamati za jamii wachaguliwe na wachumaji wenyewe, nusu yao wawe wanawake, na wakutane nje ya ardhi ya kampuni huku wakilipwa fidia ya kilo za siku hiyo.